Mume wangu mchungaji anagawa kila kitu, mimi naficha hela. Je nimepoteza imani?

*Bwana asifiwe Shangazi. Mimi ni mke wa mchungaji, tuna watoto watatu. Mume wangu aliacha kazi ya mshahara akaingia kwenye huduma moja kwa moja, na nilimuunga mkono kwa moyo wote. Shida ni kwamba kila kinachoingia kinatoka. Juzi muumini mmoja alimpa bahasha akamwambia mchungaji hii ni ya nyumbani kwenu, yeye akaigawa yote kabla hajafika mlangoni, na wakati huo mtoto wetu mkubwa yuko nyumbani karudishwa kutoka shule kwa ajili ya ada. Madeni nayo yanaongezeka, anakopa huku anasema Bwana atalipa. Nikiongea ananiambia ongeza imani, ananitajia yule mjane wa senti mbili na George Müller, yule mtumishi aliyetunza yatima kwa maombi tu. Sasa hivi nashona nguo za watu na hela nazificha kwenye boksi la vipande vya vitambaa, hajui. Jumapili akahubiri Anania na Safira, wale mume na mke wa Matendo 5 walioficha sehemu ya hela za shamba wakadanganya wakafa, nikatetemeka mpaka nikatoka nje. Shangazi, nimepoteza imani? Nikisikia "Mungu atatenda" moyo unakuwa mgumu kabisa. Na bado naongoza maombi ya akina mama, najiona mnafiki. Nifanyeje? – Mama Mchungaji*

Amina mwanangu, asifiwe sana. Nianze na hilo la imani maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, hujapoteza imani. Aliyepoteza imani hatetemeki akisikia habari za Anania na Safira, anakaa tu anasubiri ibada iishe aende zake. Wewe umetetemeka kwa sababu bado unamwogopa Mungu na unataka kuwa mkweli mbele zake. Imani yako imechoka, lakini ipo.

Mimi ninachokiona kwenye barua yako ni hasira. Umemkasirikia mume wako, tena kwa haki, ila kwa kuwa yeye kila anachoamua anakisema kwa jina la Mungu basi hasira imepitiliza imemfikia Mungu mwenyewe. Hebu vitenganishe hivyo viwili. Mungu hakuichukua ile bahasha mwanangu. Yule muumini alisema kwa mdomo wake hii ni ya nyumbani kwenu, yaani ulikuwa unaomba ada ya mtoto na jibu likaja, likafika mpaka mkononi kwa baba yake, halafu likaishia njiani. Hapo ndipo panapouma na hata mimi pameniuma, lakini uone vizuri kwamba Mungu alijibu na aliyeligawa jibu ni mtu.

Sasa tuje kwa hao mashahidi wake. Yule mjane wa Marko 12 alitoa vyote alivyokuwa navyo, na Bwana akamsifu, ni kweli kabisa. Lakini alitoa riziki yake mwenyewe. Hakuingia ndani ya nyumba ya mtu akachukua chakula cha watoto akakipeleka hekaluni. Bwana wetu aliwakemea vikali watu waliofanya kitu cha namna hiyo, soma Marko 7 pale kwenye habari ya korbani, mtu anamwambia baba yake na mama yake kile ambacho kingekusaidia nimeshamtolea Mungu, na Yesu anasema kwa njia hiyo mnalitangua neno la Mungu. Kwa hiyo kumtolea Mungu kitu ambacho Mungu mwenyewe amekuagiza uwatunze nacho watu wako, Yesu hakukiita imani.

George Müller nafurahi amemtaja, maana ni mtu wa kuigwa kweli, ila aigwe mzima mzima. Ni kweli aliuacha mshahara wa kanisa, mwaka 1830, na hakuwa akimwambia mwanadamu shida zake, alikuwa anaomba tu, na kule Bristol kuanzia 1836 mpaka alipofariki 1898 nyumba zake za yatima zilitunza watoto zaidi ya 10,000. Ila mume wako kuna mambo ameyaruka. La kwanza, Müller alikuwa ndiyo kwanza ameoa mwaka huohuo 1830, na uamuzi wa kuacha mshahara waliufanya pamoja yeye na mkewe Mary, walipatana. La pili, alikuwa hakopi. Kwake kama hela haikuwepo basi kitu hakinunuliwi, na hilo alilishika miaka yote. La tatu, kila kilichoingia na kila kilichotoka kiliandikwa, na hesabu zilichapishwa kila mwaka watu wakasoma. Sasa mlinganishe na mtu anayekopa halafu anasema Bwana atalipa, na mke wake hajui kimeingia nini wala kimetoka nini. Mkae msome habari za Müller wote wawili, pamoja na hayo ya hesabu, hilo tu litafungua mazungumzo mengi.

Na hapa ndipo nataka unielewe vizuri. Kumtegemea Mungu kwa ajili ya nyumba hakuamuliwi na mmoja halafu wengine wakabebeshwa. Angalia 1 Wakorintho 7, Paulo anasema hata kunyimana kwa ajili ya kusali, wanandoa wasinyimane isipokuwa wamepatana, tena kwa muda. Yaani jambo takatifu kama maombi, bado Paulo anataka mke aulizwe. Kama kwa maombi lazima mpatane, kwa ada ya mtoto na kodi ya nyumba inakuwaje mtu akaamua peke yake akiwa njiani? Mume wako ana imani, sibishi, ila ameigeuza imani yake kuwa mzigo wa mtoto ambaye hakuulizwa, na yule mtoto anakua anajifunza kwamba Mungu wa baba ndiye aliyenitoa darasani. Hilo mimi linanitisha kuliko deni lolote.

Kuna sura moja nakuomba uisome taratibu, 2 Wafalme 4. Mwanamke mmoja, mumewe alikuwa wa wana wa manabii, mcha Mungu, na nabii Elisha analijua hilo. Akafa akaacha deni. Sasa mwenye kudai anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Huyo marehemu alikuwa mtumishi, hakuwa mlevi wala mhuni, na bado deni lake liliwaangukia watoto. Elisha hakumwambia mama ongeza imani. Alimuuliza una kitu gani nyumbani. Akasema sina kitu ila chupa ya mafuta. Akamwambia akaazime vyombo kwa majirani, vitupu, tena visiwe vichache, ajifungie ndani na wanawe amimine. Mafuta yakajaa vyombo vyote, muujiza ukatokea mlango umefungwa, yeye na watoto wake tu. Halafu nabii akampa maelekezo ya kawaida kabisa: uza mafuta, lipa deni, kinachobaki mtumie wewe na wanao. Huo mpangilio ndio ninaotaka muuone, kwanza deni, halafu wewe na watoto. Mungu alifanya muujiza mkubwa halafu akaupangia bajeti. Na wewe ulipoulizwa na maisha una kitu gani nyumbani ukajibu nina cherehani, ukaanza kushona, hujafanya dhambi. Paulo mwenyewe alishona mahema kule Korintho pamoja na Akila na Prisila, Matendo 18, na hakuna aliyemwambia amepungukiwa imani.

Lakini lile boksi. Hapa nakuwa mkali kidogo kwa sababu nakupenda. Anania na Safira hawakuhukumiwa kwa kubakiza hela, Petro aliwaambia wazi kwamba shamba lilikuwa mali yao na hata baada ya kuuza thamani ilikuwa katika uwezo wao. Kosa lilikuwa kudanganya, na uone kwamba wale walipatana, ila walipatana kwenye uongo. Kwa hiyo hela zako hazikuhukumu. Ila siri inakula. Siku akija kuliona mwenyewe hilo boksi mazungumzo yote yatakuwa ya boksi, habari ya ada na madeni itasahaulika, na utaonekana wewe ndiye tatizo la nyumba. Mwambie kabla hajaona. Mwambie zipo, mwambie kiasi, mwambie ni za ada, na mwambie zitaenda moja kwa moja shule. Simaanishi umkabidhi. Kusema ukweli na kukabidhi ni vitu viwili tofauti, na kwa hali ilivyo sasa hivi akizishika hazitafika.

Usimwambie siku ya Jumamosi anaandaa mahubiri wala Jumapili karudi amechoka. Na usianze na mistari, maana yeye mistari anayo mingi kuliko wewe na mtaishia kurushiana. Anza na kilichotokea: siku ile ya bahasha mtoto wetu alikuwa amekaa nyumbani, na mimi ndiyo nilianza kuficha hela, na sitaki kuendelea kukuficha. Halafu nyamaza. Mwache aongee. Kuna uwezekano mkubwa kwamba naye anaogopa, manake mchungaji anayeshindwa kusema "leo sina" mara nyingi anaogopa watu watasema hana upendo, au anaogopa kwamba wito wake utaonekana si wa kweli. Watu wanabisha hodi usiku, wanampigia simu, kila mmoja na msiba wake na mgonjwa wake, na yeye mfuko wake ndio umegeuka mfuko wa kanisa. Huo ni mzigo ambao Mungu hakumpa mtu mmoja. Mitume kumi na wawili walipoona huduma ya kila siku kwa wajane inaleta manung'uniko waliwaambia waumini wachague watu saba wenye ushuhuda mwema, wakawakabidhi, Matendo 6. Kanisa lenu linahitaji mfuko wa wahitaji wenye watu wawili watatu wanaoaminika, wanaandika, wanatoa risiti, na mtu akibisha hodi mchungaji anamwombea na kumpeleka kwao. Kuwahurumia watu ataendelea kuwahurumia, ila ada ya mwanae haitaguswa.

Na kanisa lijue pia. Wazee wa kanisa wanajua kwamba mchungaji wao anadaiwa? Nadhani hawajui, wake wa wachungaji mnafundishwa kufunika. Lakini Nehemia aliporudi Yerusalemu akakuta Walawi, wale wahudumu wa hekalu, wamekimbilia kila mtu shambani kwake kwa sababu sehemu zao hawapewi, hakuwakemea Walawi, aliwakemea viongozi: mbona nyumba ya Mungu imeachwa? Iko Nehemia 13. Kumtunza mtumishi ni wajibu wa washirika, Paulo anasema wanaoihubiri Injili wapate riziki kwa Injili, ila hawawezi kutimiza wajibu wasioujua. Yeye ndiye awaambie wazee, si wewe, maana ukienda wewe utamvunjia heshima na atajifunga zaidi. Ila akikataa kabisa kukaa na wewe mezani, akasema hakuna cha kuzungumza, hapo tafuta mchungaji mkubwa kwake, mtu anayemheshimu, mwende wote wawili. Na huyo mkubwa wake ndiye amsomee mume wako 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Kwa mdomo wako andiko hilo litamchoma vibaya.

Halafu umeniuliza kuhusu maombi ya akina mama. Usiache. Ila pumzika kuongoza kwa wiki chache, mpe mwenzako ashike, na wewe ukae katikati yao uombewe. Waambie tu nyumbani tuna jambo, niombeeni, hamna haja ya kutoa maelezo wala kumtaja baba. Ukishazungumza na mume wako na ada ikalipwa, rudi mbele uongoze. Na kesho asubuhi kabla ya kitu kingine chochote piga simu shuleni, uliza kama wanapokea kwa awamu, ulipe hicho kilichopo mtoto arudi darasani wakati ninyi wakubwa mnaendelea kusemezana.