Uliza Daktari wa Mifugo: Seli za kinga zimeongezeka, mbona nguruwe wanakufa?

SWALI: Shikamoo daktari. Watoto wa nguruwe niliowaachisha kunyonya walianza kukohoa na kuhema kwa tumbo. Nikawapa antibiotiki, wakapata nafuu, kisha wengine wakavimba viungo na kufa. Maabara imesema ni virusi vya PRRS, yaani ugonjwa wa uzazi na upumuaji wa nguruwe, pamoja na bakteria wa streptokoka. Mwanangu anayesoma chuo ananiambia virusi hivi huongeza seli T dhibiti. Seli za kinga zikiongezeka si ndiyo afya yenyewe? Na kama ndizo zinazoleta balaa, hakuna dawa ya kuzipunguza?
Mfugaji Asiyelala

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa hasara. Mwanao hajakosea, ila amekupa nusu ya habari.

Seli T dhibiti hazipigani na vijidudu. Kazi yake ni kuwatuliza wanaopigana, kama wazee wanaoingilia ugomvi kabla nyumba haijabomolewa. Zinatambulika kwa protini iitwayo Foxp3, na hutoa kemikali za kutuliza kama IL-10. Mwili usio nazo hujishambulia wenyewe. Utafiti juu ya seli hizi ndio uliowapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2025.

Tatizo ni suluhu kuja wakati adui bado yumo ndani. Virusi vya PRRS hupenda makrofaji za mapafu, yaani zile seli zinazomeza vijidudu, na huziingia kwa kushika protini ya CD163. Nyingi hufa. Nimepasua mapafu ya aina hiyo mara nyingi: mazito, yana madoa, na kifua kikifunguliwa hayanywei inavyopasa. Streptokoka ambaye siku zote alikaa kwenye koo bila kisa sasa hana wa kummeza, anaingia kwenye damu, anafika kwenye viungo. Hivyo ndivyo walivyokufa wako.

Sasa hizo seli dhibiti. Katika majaribio ya maabara, seli za dendriti za nguruwe, yaani zile zinazozionyesha seli T vijidudu, zilizoambukizwa aina ya Marekani ya virusi hivi zilichochea seli T zenye Foxp3 ziongezeke. Aina ya Ulaya ilipojaribiwa hivyo hivyo, ongezeko hilo halikuonekana. Kwa hiyo anayesema "PRRS huongeza seli T dhibiti" bila kutaja ni aina gani, mwambie amalizie sentensi. Tena muulize alizihesabuje. Alama ya CD25, protini iliyo juu ya seli, peke yake haitoshi, maana hata seli T ya kawaida iliyochokozwa huivaa.

Ndiyo maana sikubali kuzibebesha lawama yote. Virusi hivi pia huzuia interferoni, ile kemikali ya kwanza ya kupiga mbiu, na kingamwili, yaani protini za damu zinazonasa vijidudu, zile zinazoweza kuvizima huchelewa mno. Kingamwili za mwanzo huonekana katika wiki 2 za kwanza, lakini hizo hazivizimi. Zenye nguvu huanza kuonekana baada ya wiki 4 au zaidi, na huku virusi vimejificha kwenye tonsili na matezi, ambako huweza kukaa kwa miezi.

Dawa ya kupunguza seli hizo kwenye banda haipo, na hata ingekuwepo nisingekuandikia. Mapafu yaliyovimba tayari, ukiyaondolea kinachotuliza uvimbe, unammaliza mgonjwa mwenyewe. Antibiotiki endelea nayo kwa ajili ya streptokoka, kwa kipimo na siku alizokuandikia daktari wako. Haigusi virusi.

Kitakachokusaidia ni kuacha kuchanganya makundi. Mtoto aliyedumaa usimrudishe nyuma akae na wadogo zake, hata akikutia huruma. Huyo ndiye anayewapokeza virusi. Sindano badilisha, viatu badilisha unapotoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo, na nguruwe wageni watenge kabla hawajaingia. Kuhusu chanjo, zungumza na daktari wako baada ya maabara kutaja aina ya virusi, kwa kuwa kinga ya aina moja haikingi vizuri dhidi ya nyingine.

Na ukipeleka sampuli tena, usiombe kipimo cha kingamwili peke yake. Funga kamba safi ya pamba bandani, waache waitafune, kamua mate yake, upeleke yapimwe PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe.