Simu ya mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau
Ndugu uliyeuliza ufanyeje na simu ya mama yako aliyeko Jinja, Uganda, ambaye ana ugonjwa wa kusahau, usiibadilishe kama bado inafanya kazi, kwa kuwa mgonjwa wa kusahau hupata taabu kubwa kujifunza kifaa kipya. Ondoa programu zote kwenye skrini ya kwanza, ubakize picha kubwa za watu watatu au wanne, ili akigusa uso wako simu ikupigie moja kwa moja. Simu nyingi za Android huruhusu hilo. Kuza maandishi, punguza arifa. Linalonitia wasiwasi zaidi ni pesa zilizo kwenye laini, maana matapeli hupiga wakijifanya wahudumu na kuomba namba ya siri. Mwachie za matumizi madogo tu, na akiba ihamishwe kwa ridhaa yake.