Mfungo wa Januari na mlo unaofuata

Januari ya Mbeya ina mambo yake: ada za shule, mvua isiyokatika, na tangazo la mfungo wa kufungua mwaka kwenye makanisa mengi. Kwa wengine ni wakati wa baraka tu. Kwa sisi tuliowahi kuugua ugonjwa wa ulaji ni wakati wa kukaa macho, na naandika mapema ili anayehitaji ajipange kabla tangazo halijasomwa.

Niliugua nikiwa chuoni. Nilianza kwa kujinyima chakula, baadaye ikawa kula kwa pupa na kujitapisha. Sitataja kilo wala namba yoyote ya mwili wangu, maana najua kichwa cha mgonjwa kinavyozidaka namba na kuanza kushindana nazo. Nilitibiwa, nikapata nafuu, na sasa kazi iliyobaki ni kuulinda mlango, ugonjwa usirudi kwa kupitia dirishani.

Kinachonilinda kuliko vyote ni kula kwa saa. Milo mitatu, vitafunwa katikati, na nisipitishe masaa manne hivi tumbo likiwa tupu. Mpango huu ni msingi wa tiba aliyoiandaa Christopher Fairburn, daktari wa magonjwa ya akili wa Oxford, na hapa kwetu unatekelezeka bila gharama za ajabu. Asubuhi chai ya maziwa na kiazi kitamu. Saa nne karanga ninazobeba kwenye mkoba. Saa saba wali maharage na kipande cha parachichi. Saa kumi ndizi mbivu, usiku ugali na chochote kilichopikwa nyumbani. Sisubiri njaa inipigie hodi, kwa sababu baada ya ugonjwa njaa huchelewa kusema, au husema kwa kelele wakati umeshazidiwa.

Wengi hudhani anayefakamia chakula usiku hana nidhamu. Mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani kilifanya utafiti kwa vijana 36 wa kiume waliokuwa na afya njema, ukiongozwa na Ancel Keys. Walipopunguziwa chakula kwa miezi kadhaa, vichwa vyao vilijaa chakula: waliwaza chakula, waliota chakula, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi walikula bila kushiba. Hawakuwa wagonjwa kabla ya hapo. Njaa ndiyo iliyowafanya vile. Kwa hiyo ukijinyima mchana kutwa, usijishangae usiku.

Ndiyo maana nashikilia hili la mlo unaofuata. Umekula kupita kiasi kwenye send-off? Umejitapisha tena baada ya muda mrefu wa nafuu? Mlo unaofuata uko palepale, saa ileile, kiasi kilekile. Usiuruke ili kufidia, usiupunguze kujiadhibu. Kuteleza mara moja hakujawa kuugua upya; kinachourudisha ugonjwa ni ile fidia ya kesho yake, maana inafungua mzunguko mwingine. Asubuhi ya namna hiyo mdogo wangu hukaa nami mezani, ananimiminia chai, tunaongea habari za mahindi na watoto. Haniulizi nimekula nini jana. Baada ya kula tunabaki pamoja hapohapo, tunachambua mchele au tunaosha vyombo, kwa sababu hamu ya kwenda kujitapisha hupanda, hufika juu, halafu hushuka yenyewe ukiipa muda na mtu wa kukaa naye.

Turudi kwenye mfungo. Mimi sifungi chakula. Nilimfuata mchungaji wangu kabla, nikamweleza kwamba daktari amenizuia, na tukakubaliana nifunge simu na mitandao, nihudhurie maombi yote nikiwa nimeshakula. Ndugu zangu Waislamu nao wanajua kwamba sura ya Al-Baqara, aya ya 184, inampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Zungumza na sheikh na daktari wako. Mungu hadai ugonjwa wako kama sadaka. Naliamini hilo kwa moyo wote.

Maneno ya watu nayo hayaepukiki. Utapita Mwanjelwa, mama mdogo atakushika mkono sokoni mbele ya wauza nyanya: "Mwanangu umenenepa! Maisha yamekukubali." Anakusifia, na wewe kifua kinabana. Jibu langu nimeshaliandaa: "Namshukuru Mungu, mama mdogo. Babu anaendeleaje na mguu?" Mazungumzo yanahamia kwa babu. Mizani za barabarani stendi nazipita. Daktari akihitaji kunipima, nasimama nikiwa nimeipa namba mgongo.

Jambo moja la huku kwetu lisisahaulike: baridi. Juni na Julai kila mtu Mbeya na Iringa anavaa sweta juu ya sweta, na mwili unaweza kupungua chini yake bila jirani kuona. Kwa hiyo mdogo wangu anazijua dalili zangu nyingine: nikianza kusema "nimeshakula nilikotoka", nikikwepa sinia la pamoja msibani, nikianza kupikia wengine vizuri na mimi kukaa pembeni na kikombe cha chai. Akiona mawili kati ya hayo, ana ruhusa yangu ya kuniuliza. Mchague wako leo ukiwa mzima, umwambie dalili zako kwa mdomo wako.

Ukiona moyo unadunda ovyo, unazimia, unatapika damu, au mawazo ya kujiua yanakujia, usisubiri Jumatatu. Kutapika mara kwa mara hushusha madini ya potasiamu mwilini, na moyo unaweza kuvurugika hata kama kwa nje unaonekana mzima. Nenda hospitali ya rufaa iliyo karibu, uende na mtu. Ukikaa kimya kuhusu kujitapisha, unaweza kurudi nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo. Sema hivi tangu mwanzo: "Nina ugonjwa wa ulaji, najitapisha baada ya kula. Naomba nipimwe potasiamu na moyo, kisha nionane na watu wa afya ya akili."