Chamberlain yupi huyo?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Naomba msaada na hili jina Chamberlain maana limenishinda. Sehemu moja nasoma alikuwa waziri wa makoloni wa Uingereza akafika Mombasa 1902, nyingine wanasema alipata Nobel ya amani, alafu nyingine ndo yule aliyesaini na Hitler kule Munich 1938, mkataba wa kumwachia kipande cha Czechoslovakia. Sasa huyu mtu aliishi miaka mingapi? Na kama Munich ilikuwa aibu, Nobel walimpa ya nini? Tumebishana na kaka yangu mpaka tumenuniana.

JIBU: Pole ndugu yangu, wala usinuniane na kaka, hao ni watu watatu. Baba na wanawe wawili.

Baba ni Joseph, alizaliwa 1836, tajiri wa skrubu kule Birmingham, akawa meya wa mji huo kisha waziri wa makoloni kuanzia 1895 mpaka 1903. Huyu ndo wa Mombasa, Desemba 1902, alikuwa njiani kwenda Afrika Kusini akashuka akapanda reli ya Uganda, na mwaka uliofuata serikali yake ikawaambia Wazayuni wa Theodor Herzl, yaani Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, kwamba wanaweza kupewa ardhi huku kwetu. Watu wanauita mpango wa Uganda lakini ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, leo iko Kenya. Wazayuni wakaukataa 1905. Joseph alifariki Julai 1914, kwa hiyo Hitler hamhusu kabisa.

Sasa wanawe. Austen alizaliwa 1863 na mama yake Harriet akafariki siku chache tu baada ya kujifungua, baadaye Joseph akamwoa Florence, binamu yake Harriet, akamzaa Neville 1869, na Florence naye akafa kwa uzazi 1875. Yaani Austen na Neville ni ndugu wa baba mmoja na mama zao walikuwa mabinamu. Isitoshe wote wawili waliwahi kuwa waziri wa fedha, na wote waliongoza chama cha Conservative.

Nobel ni ya Austen. Alikuwa waziri wa mambo ya nje 1924 mpaka 1929, akapata tuzo ya 1925 pamoja na Charles Dawes wa Marekani, kwa sababu ya mikataba ya Locarno ambapo Ujerumani ilikubali mipaka yake na Ufaransa na Ubelgiji. Hitler akaichana Machi 1936 alipoingiza jeshi Rhineland, eneo la Ujerumani upande wa Ufaransa ambako jeshi lake lilikatazwa kuingia. Kinachoniuma ni kwamba Austen alikuwa miongoni mwa wabunge walioanza kuonya kuhusu Hitler mapema, toka 1933, akafariki Machi 1937, mwaka mzima na nusu kabla ya Munich, na bado leo anabebeshwa mzigo wa mdogo wake. Huyu mtu anastahili jina lake mwenyewe jamani.

Munich ni ya Neville. Baba alimwandaa Austen kwa siasa, Neville akapelekwa na baba visiwa vya Bahamas kulima mkonge, shamba likafeli, akarudi kwenye biashara Birmingham na bungeni akaingia 1918 akiwa na miaka 49. Uwaziri mkuu ambao baba na kaka yake hawakuupata kaupata yeye, Mei 1937, miezi miwili tu baada ya Austen kuzikwa. Akamwachia Churchill Mei 1940 na Novemba hiyohiyo akafariki.

Picha nazo zinapotosha sana kwa sababu Austen aliiga miwani ya jicho moja ya baba yake, yeye na baba wote nywele zimechanwa vizuri na hawana ndevu, kwa hiyo usitazame uso, tazama mwaka. Mwenye masharubu na mwavuli ni Neville. Na ukikuta kaandikwa Sir basi ni Austen tu, maana Joseph na Neville hawakuwahi kuwa na cheo hicho.

Kuna na wa nne usije ukamwingiza humo, Houston Stewart Chamberlain, Mwingereza aliyehamia Ujerumani akaandika mambo ya ubaguzi wa rangi ambayo Wanazi waliyapenda sana. Huyo si mtoto wa Joseph wala si wa ukoo huu, ni jina tu limefanana.