Tela letu linayumba tukienda, tukirudi limetulia: tatizo ni nini?

Swali: Habari za kazi, fundi. Mimi na mume wangu tunaishi Mtwara mjini. Tuna tela dogo la kulala ambalo fundi wa kuchomelea alitutengenezea: ekseli moja, kitanda, kabati na jiko la gesi. Tunalivuta kwa gari aina ya RAV4. Kila kipupwe, shule zikifungwa mwezi wa sita, tunatoka nalo, mara Msimbati, mara Kilwa Masoko. Tatizo ni kwamba tukienda, tukifika kilomita 75 au 80 kwa saa, tela linaanza kucheza kulia na kushoto, hasa basi likitupita au tukiwa kwenye mteremko. Tukirudi, barabara ileile na dereva yuleyule, limetulia kabisa. Fundi mmoja anasema tuweke springi ngumu zaidi, mwingine anasema ni upepo wa kusi. Tela tupu lina kilo 520, tukipakia ni kama 700. Kutoka kwenye ekseli hadi pale linapofungwa kwenye gari ni mita 3. Tangi la maji la lita 100 liko chini ya sakafu, mita 1.2 nyuma ya ekseli. Mwisho kabisa kuna fremu yenye baiskeli mbili na jenereta, jumla kilo 45 hivi, mita 2 nyuma ya ekseli.

Jibu: Dada yangu, ahsante sana kwa vipimo. Kwa hivyo ulivyoandika sihitaji kubahatisha: tela lenu limezidiwa uzito nyuma, na chanzo kikubwa ni maji.

Tazama kinachobadilika kati ya kwenda na kurudi. Upepo wa kusi unavuma siku zote mbili. Springi ni zilezile. Mabasi ya kwenda Dar na ya kutoka Dar yanawapita kwa mwendo uleule. Kinachobadilika ni tangi. Mnaondoka nalo limejaa, mnarudi nalo tupu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mnatoka Mtwara na kilo 100 zilizokaa nyuma ya ekseli, na mnarudi bila hizo kilo.

Mvuta mkokoteni yeyote wa sokoni anaijua hali hii. Ukimrundikia magunia nyuma ya magurudumu, mikono ya mkokoteni inapanda juu na yeye anaanza kuning'inia badala ya kuvuta. Tela nalo linafanya hivyohivyo, ila gari halikuambii kama mvuta mkokoteni. Mkono wa mbele wa tela, yaani kile chuma kinachofungwa kwenye gari, unatakiwa ulilalie gari kwa uzito wa kutosha. Ukiwa mwepesi, mkia ndio unaoamua njia. Kitu kidogo tu kinausukuma pembeni, iwe upepo wa basi au shimo upande mmoja, nao ukirudi unapitiliza upande wa pili, na kila unavyoongeza mwendo ndivyo unavyochelewa kutulia. Kwenye mteremko ni vibaya zaidi kwa sababu tela linalisukuma gari badala ya kuvutwa nalo.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua uzito, zidisha kwa umbali wake kutoka kwenye ekseli, gawanya kwa umbali wa ekseli hadi kwenye gari. Maji: 100 mara 1.2, gawanya kwa 3, ni kilo 40. Fremu ya nyuma: 45 mara 2, gawanya kwa 3, ni kilo 30. Maana yake vitu hivyo viwili vinaunyanyua mkono wa tela kwa kilo 70. Sasa linganisha na unachohitaji. Wamarekani hutaka mkono ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Watengenezaji wengi wa Ulaya huridhika na asilimia 5 hadi 7, kwa matela ambayo ekseli yake imepangwa kiwandani. Kwa tela lililochomelewa kwetu, lisilo na breki wala kifaa cha kuzuia kuyumba, mimi husimamia asilimia 10. Kwa kilo 700 hiyo ni kilo 70, yaani kiasi kilekile mnachokiondoa wenyewe kila mnapojaza tangi na kufunga zile baiskeli. Mkirudi, kilo 40 za tangi zimerudi mbele, ndiyo maana tela linakuwa na adabu.

Kabla hujahamisha chochote, pima. Hii ndiyo sehemu ninayokuomba usiiruke, na haina gharama. Tafuta mizani ya kupimia uzito wa mwili, ile ya kusimama juu yake. Pakia tela kama siku ya safari kabisa: maji, gesi, vyakula, magodoro, kila kitu. Lipeleke kwenye uwanja tambarare, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, kisha lifungue kwenye gari huku mume wako ameshika mkono wa mbele. Juu ya mizani weka kipande cha ubao ili usivunje kioo chake, na juu ya ubao simamisha gogo fupi lililokatwa kwa urefu ambao utaufanya mkono wa tela ukae kimo kilekile unachokaa likiwa limefungwa kwenye gari. Ushushe taratibu juu ya gogo, subiri mshale utulie, soma, kisha utoe uzito wa ubao na gogo. Kimo kina maana: mkono ukiinuliwa au kushushwa kupita kawaida, namba inabadilika.

Jambo moja la hatari hapo. Mtu yeyote asiingie ndani ya tela wakati halijafungwa kwenye gari, hata kuchukua chupa ya maji. Shemeji akikanyaga tu upande wa nyuma, kwa hali ya tela lenu ilivyo, mkono utaruka juu na fremu ya jenereta itagonga chini.

Sitashangaa ukikuta kilo 20 au pungufu. Ukishaipata namba, anza na maji peke yake. Safirini tangi likiwa tupu, na maji ya njiani yawe kwenye madumu mawili ya lita 20 yaliyofungwa kamba sakafuni, kama sentimita 30 mbele ya ekseli. Badiliko hilo tu linaongeza kilo 44 kwenye mkono: 40 mlizokuwa mnazinyanyua, na 4 za madumu. Tangi mtalijaza mkifika. Kilwa Masoko maji yanapatikana, na hata kwa Msimbati ni bora kununua maji karibu na kambi kuliko kuyaburuza njia nzima. Tangi la nusu silipendi kabisa, maana maji yanacheza ndani na kuongeza mtikisiko palepale tunapotaka kuupunguza.

Pima tena. Ikiwa bado hujafika kilo 70, toa baiskeli nyuma na kuzifunga juu ya paa la gari. Jenereta iwe ya mwisho, kwa sababu nguvu yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukiitoa jenereta ya kilo 25 mita 2 nyuma ya ekseli na kuipeleka mita 2 mbele yake, kwenye kisanduku cha juu ya mkono, umebadilisha kilo 33 kwa mkupuo. Ukifanya yote matatu siku moja unaweza kuruka kutoka kwenye kilo 20 hadi zaidi ya 100, na RAV4 haitakushukuru: nyuma itakaa, taa zitatazama juu, na magurudumu ya mbele yatakosa uzito wa kushika barabara. Kijitabu cha gari kinataja kiwango cha juu cha uzito unaoruhusiwa kuishukia ndoano ya kuvutia. Kiwango hicho ndicho mwisho wako, hata kama asilimia 10 inadai zaidi. Kitazame pia kiwango cha tela lisilo na breki, maana lenu ni la aina hiyo. Na petroli ya jenereta isilale ndani mnamolala ninyi.

Usije ukaacha baiskeli nyuma halafu ukaweka kitu kizito mbele ili vilingane. Kwenye mizani utaona namba nzuri, lakini tela lenye uzito kwenye ncha zote mbili likishaanza kuyumba ni gumu kulituliza. Deli lenye barafu, vyakula vya kopo, betri ya sola, vyote viwe sakafuni karibu na ekseli, kidogo kwa mbele. Nguo na magodoro ndiyo ya kuweka kwenye ncha.

Springi ngumu usinunue. Hazihamishi hata kilo moja kutoka nyuma kwenda mbele, na zinaweza kuvunja kabati zako. Upepo wa tairi ni suala jingine. Tairi laini inaruhusu tela kuyumbia pembeni, kwa hiyo jaza kwa kiwango kinacholingana na mzigo, asubuhi tairi zikiwa baridi. Msimbati kwenye mchanga mtazipunguza, wengi hushuka hadi psi 18 au 20, ila msirudi barabarani bila kuzijaza upya. Bebeni pampu.

Sasa, likianza kuyumba mkiwa njiani. Mwambie shemeji aachie mafuta, ashike usukani umenyooka, na awe na subira hadi mwendo ushuke wenyewe. Asijaribu kulifukuza tela kwa usukani. Mkono wa mtu unachelewa, na mara nyingi unausukuma mkia kulekule unakoelekea. Asikanyage breki kwa nguvu, kwa sababu tela lisilo na breki litaligeuza gari. Na asiongeze mwendo kwa matumaini ya kulinyoosha. Ushauri huo wa kuongeza mwendo nausikia sana vijiweni, na unaua watu. Mpaka mtakapopima na kupanga upya, kilomita 60 kwa saa inatosha, na hata baada ya hapo sioni sababu ya kupita 70 na tela kama hilo. Basi likija nyuma, sogea kushoto mapema, shikilia mwendo wako, mwache apite.

Mkielekea Kilwa, mkifika Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapochepuka, simameni mguse habu za magurudumu kwa kiganja. Joto la kuvumilika ni sawa. Ikiwa mkono haukai, beringi imekauka grisi au imekazwa kupita kiasi, na safari iishie kwa fundi. Mkitoka Msimbati zisafisheni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mkisubiri kwanza zipoe.

Ikitokea umehamisha kila kitu na mkono bado hauzidi kilo 40, basi kosa liko kwenye ekseli. Mafundi wengi waliozoea matela ya mizigo huichomelea katikati ya sanduku, wakati tela la kulala linataka takriban sehemu 6 kati ya 10 za sanduku ziwe mbele yake. Pima kwa futi kamba kutoka mwanzo wa sanduku hadi kwenye ekseli, kisha kutoka hapo hadi mwisho. Halafu pima kutoka kwenye kikombe cha mbele, kile kinachoshika ndoano ya gari, hadi ncha ya ekseli ya kulia, na hadi ya kushoto. Hivyo viwili lazima viwe sawa, la sivyo tela linavutwa upande hata likiwa tupu. Niandikie namba zote nne pamoja na ulichosoma kwenye mizani, nikueleze isogezwe kiasi gani kabla hujamlipa mtu wa kukata chuma.