Kioo cha Toyota Premio kimegoma kupanda

Pole kaka uliyeuliza kuhusu kioo cha mlango wa dereva, kubaki chini na mvua hizi za Kampala si mchezo. Kabla hujakimbilia soko la vipuri la Kisekka kununua mota ya kioo, washa swichi ya gari, bonyeza ya kioo na utege sikio mlangoni.

Mota ikinguruma lakini kioo hakisogei, kebo ya mashine ya kioo imekatika au imechomoka kwenye gurudumu lake. Hapo ni kufungua kava la ndani la mlango tu.

Kimya kabisa? Angalia fyuzi kwanza. Lakini umesema madirisha mengine yanafanya kazi, kwa hiyo mimi nashuku waya ndani ya ule mpira kati ya mlango na bodi ya gari. Mlango wa dereva hufunguliwa kutwa, waya hukunjwa mpaka zinakatika. Yangu ilikatika hivyo, na fundi alikuwa keshaniuzia swichi!

Jaribu pia kushikilia swichi huku mtu anapiga mlango kwa ngumi, usawa wa mota. Kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zikiwa zimelika, mara nyingine kioo hupanda. Kikipanda, usikishushe tena mpaka ubadilishe mota.