Binti wa Miaka 13 na Ahadi ya Chuo: Maswali Yenu Kuhusu Hoki ya Barafu

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wazazi wa Marekani na Kanada wenye mabinti wanaocheza hoki ya barafu, na mbili zimetoka kwa mabinti wenyewe. Karibu zote zinagusa jambo lile lile: makocha wa vyuo vikuu kumwekea mtoto nafasi mapema, na mtoto kujifunga kabla hajajua anataka kusoma nini. Nimefupisha barua na kuondoa majina.

Binti yangu ana miaka 13, yuko darasa la nane. Mzazi mwenzangu klabuni anasema wenzake wa umri huu "wamekwisha kupata chuo." Tumechelewa? (Mama, Minneapolis)

Hamjachelewa, dada yangu. Anayokuambia mwenzako yalikuwepo kweli, na hofu yake imebaki viwanjani ingawa kanuni zimebadilika.

Mpaka mwaka 2019, kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo vikuu Marekani, zilikuwa na mwanya mpana. Kocha wa chuo hakuruhusiwa kumpigia simu mtoto wa umri huo. Lakini mtoto akipiga yeye, kocha aliruhusiwa kupokea na kuzungumza. Basi ujumbe ukapitia kwa kocha wa klabu: mwambie anipigie Jumanne jioni. Mtoto wa miaka 14 anapiga, na upande wa pili yuko mtu mzima mwenye jina kubwa, anamwambia nafasi ipo ila wapo wengine wawili wanaoitaka. Nani wa umri huo angesema subiri? Wapo waliokubali hata kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza wa sekondari, yaani darasa la tisa.

Sababu ya haraka hiyo ilikuwa ushindani wa makocha, si manufaa ya watoto. Vyuo vyenye timu za wanawake za Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, ni zaidi kidogo ya 40, na vyenye nguvu ni vichache mno. Tangu ubingwa wa NCAA wa wanawake uanze mwaka 2001 hadi 2025, kombe limekwenda kwa vyuo vitano tu: Wisconsin, Minnesota, Minnesota Duluth, Clarkson na Ohio State. Kocha akisikia mwenzake amemnasa mtoto wa darasa la tisa, anashuka hadi darasa la nane.

Na kinachoniuma ni hiki. Ukimtazama mtoto wa miaka 13 barafuni, unachokiona sana ni nani amekua mapema. Aliyerefuka mapema anawapita wenzake kwa nguvu za miguu, watu wanasema ni nyota. Miaka miwili baadaye wenzake wamemfikia, na yule mdogo aliyelazimika kutumia akili kwa sababu hakuwa na kimo ndiye anayesoma mchezo vizuri kuliko wote. Kumpa mtoto wa umri huo hukumu ya maisha yake ya chuo ni kumwonea, awe amechaguliwa au ameachwa.

Hii tarehe ya 15 Juni ndiyo ipi, na inatuhusu sisi wa Kanada? (Baba, Ontario)

Inawahusu, kaka, maadamu chuo anachokitaka binti ni cha NCAA. Uraia wa mchezaji haubadilishi kitu.

Kwa hoki ya wanawake ya Divisheni ya Kwanza, mazungumzo ya usajili kati ya kocha na mchezaji au wazazi wake yanaanza 15 Juni baada ya kumaliza darasa la kumi. Ziara za chuoni za usajili zinaanza 1 Agosti kabla ya darasa la kumi na moja. Kabla ya hapo kocha anaweza kukaa jukwaani na kumtazama. Anaweza pia kumtumia fomu ya maswali au tangazo la kambi ya mazoezi. Kwenye kambi hiyo atamfundisha, lakini hatakiwi kumshawishi.

Kwa hiyo kocha wa klabu akikunong'oneza kwamba chuo fulani "kimeshamhesabu" binti yako wa darasa la tisa, hiyo si ofa. Mshukuru na uendelee na shughuli zako. Na tangazo la kambi lililoandikwa jina la mtoto lisikufanye utoe mamia ya dola ukidhani ni mwaliko wa pekee. Matangazo hayo yanatumwa kwa watoto wengi sana.

Nina miaka 16. Nilikubali chuo kimoja Septemba kwa mdomo. Sasa chuo kingine kilicho karibu na kwetu kimenitafuta na moyo wangu uko huko. Je, nimefungwa? (Mchezaji, Wisconsin)

Hujafungwa kisheria, mwanangu. Ahadi ya mdomo haimfungi yeyote, si wewe wala kocha. Ile barua ya kusaini iliyozoeleka, ambayo ilimbana mchezaji kwenda chuo alichosaini, NCAA iliifuta Oktoba 2024. Siku hizi kinachosainiwa ni mkataba wa ufadhili wa masomo, na mlango wa kusaini unafunguliwa Novemba ya darasa la kumi na mbili. Ukishausaini, vyuo vingine vinatakiwa kuacha kukutafuta. Wewe hujafika hapo.

Lakini neno ni neno, na huko upande wa pili yupo kocha aliyeacha kumtafuta mchezaji mwingine kwa sababu yako. Kwanza jiulize kama unahama kwa sababu chuo kile kinakufaa, au kwa sababu umefurahia kutafutwa tena. Ukiwa na uhakika, piga simu wewe mwenyewe. Usimtume baba, usiandike ujumbe mfupi. Mwambie kocha wa kwanza asante, mwambie umeamua nini, na usibishane naye akikasirika. Fanya hivyo kabla hujamkubalia wa pili.

Usijione msaliti. Mapacha Jocelyne na Monique Lamoureux, waliozaliwa Grand Forks, walianza Chuo Kikuu cha Minnesota kisha wakahamia North Dakota, chuo cha nyumbani kwao. Hao ndio waliokuja kuipa Marekani dhahabu ya Olimpiki ya 2018: Monique alisawazisha dhidi ya Kanada, na Jocelyne akafunga penalti iliyoleta ushindi. Siku hizi hata aliyekwisha kuanza chuo anaweza kuhama bila kukaa nje msimu mzima kama zamani.

Kocha ametuambia kuna "pesa ya kutosha." Tumuulize nini? (Baba na mama, Columbus)

Muulizeni dola ngapi kwa mwaka, kwa miaka mingapi, na nini kitatokea binti akiumia goti. Muulize kwa upole, na umwombe aandike.

Kwa miaka mingi timu ya wanawake ya Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 18, na kocha aliweza kuukata vipande. Mmoja akapata wote, mwingine nusu, mwingine vitabu tu. Ndiyo maana "amepata skolashipu" haikuwa na maana moja. Baada ya mahakama kuidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, iliyofunguliwa na wachezaji wa vyuo, mwezi Juni 2025, vyuo vilivyojiunga na makubaliano hayo havina tena ukomo wa ufadhili, ila vina ukomo wa wachezaji: 26 kwa hoki. Chuo kinaweza kuwalipia wote 26. Hakilazimiki. Na kocha aliyezoea kubeba wachezaji zaidi kidogo kwa tahadhari, sasa lazima apunguze, kwa hiyo ulizeni pia amewaahidi wangapi katika mwaka wa binti yenu na wangapi wanaondoka.

Kundi la Ivy, yaani vyuo vikongwe vya mashariki mwa Marekani, ambako Harvard, Yale, Princeton, Cornell, Brown na Dartmouth wana timu za wanawake, halitoi ufadhili wa michezo hata senti. Msaada wao unapimwa kwa kipato cha familia. Kwa wazazi wengi wanaonisoma, wenye mishahara ya kawaida na watoto watatu au wanne, msaada wa namna hiyo unaweza kuwa mkubwa kuliko robo ya skolashipu mahali pengine. Fanyeni hesabu kabla ya kuvikataa. Divisheni ya Tatu, ngazi ya chini ya NCAA, nayo haitoi pesa za michezo, lakini ina misaada ya kitaaluma na ya kipato.

Kuna mtu anataka tumlipe ili "amuuze" binti kwa vyuo. (Mama, Portland, Maine)

Akidai malipo yanayotegemea binti kupata chuo au skolashipu, mkatae papo hapo, kwa sababu malipo ya namna hiyo yanaweza kumharibia binti haki ya kucheza. Akitoza ada ya kawaida kwa kazi ya kawaida, si kosa, ila kazi nyingi anazofanya mtoto anaweza kuzifanya mwenyewe. Video ya dakika chache na barua pepe nzuri hazihitaji dalali.

Tumeambiwa tuchague kocha, si chuo. Ni ushauri mzuri? (Mama, Michigan)

Hapana, na hapa nitasema kwa kirefu.

Machi 2017, Chuo Kikuu cha North Dakota kilitangaza kuifuta timu yake ya hoki ya wanawake ili kubana matumizi. Haikuwa timu dhaifu. Ni timu ya mapacha niliowataja, ilikuwa kwenye ligi ngumu kuliko zote pamoja na Wisconsin na Minnesota, na ilikuwa na wachezaji wa timu za taifa. Wachezaji waliobaki wakaanza kutafuta chuo kingine msimu ukiwa umekwisha na nafasi nyingi zimejaa. Na nyuma yao walikuwepo mabinti wa sekondari waliokwisha kuahidiwa, ambao ahadi zao zilikufa siku hiyo hiyo. Mapacha walipotwaa dhahabu mwaka uliofuata, timu yao ya chuo haikuwepo tena.

Mei 2021 ikawa zamu ya Robert Morris, karibu na Pittsburgh. Timu ya wanawake ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa wa ligi yake na kucheza mashindano ya taifa msimu ule ule. Chuo kikafuta timu ya wanaume na ya wanawake kwa pamoja. Watu walichangisha pesa, wakapiga kelele, na timu zikarudi barafuni msimu wa 2023-24. Lakini binti aliyekuwa mwaka wa pili 2021 asingeweza kukaa kungoja.

Kocha naye anahama, anafukuzwa, anastaafu. Mrithi wake hana deni na maneno aliyosema mtangulizi. Mtoto aliyejifunga darasa la tisa kwa kumpenda kocha fulani alikuwa anangoja miaka minne ndipo aanze kucheza. Ndani ya miaka minne kocha, mkuu wa michezo na hata rais wa chuo wanaweza kuwa wengine kabisa.

Kwa hiyo mkienda ziara, tembeeni bila kocha kwa saa moja. Ingieni maktaba. Muulizeni mwanafunzi wa uuguzi au uhandisi, kutegemea binti anataka nini, kama mazoezi yanagongana na maabara. Kwenye hoki hilo linatokea sana, na wapo waliobadilishiwa fani ili wafike mazoezini. Tazameni pia nani anakaa mezani wakati wa chakula cha jioni. Binti mweusi katika mchezo huu mara nyingi huwa peke yake katika chumba cha kubadilishia nguo, na ana haki ya kujua mapema kama atakuwa hivyo kwa miaka minne. Laila Edwards wa Cleveland Heights, Ohio, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuichezea timu ya wakubwa ya Marekani, na hiyo ilikuwa Novemba 2023. Juzi tu.

Niko Nairobi. Binti ana miaka 11 na anapenda sana mchezo huu. Ipo njia? (Mzazi)

Ipo ila ni nyembamba, na sitakupamba. Kenya ilikubaliwa katika shirikisho la kimataifa, IIHF, mwaka 2024, lakini barafu ya kufanyia mazoezi ni chache mno. Wanaofika vyuo vya Marekani kutoka nchi zisizo na ligi kwa kawaida hupitia shule za bweni za huko au za Kanada, na ada zake ni nzito. Kwa sasa mwache acheze, hata kwa viatu vya magurudumu, na tunza ripoti zake zote za shule. NCAA huomba matokeo kuanzia darasa la tisa, na Divisheni ya Kwanza inadai masomo ya msingi 16 yenye wastani usiopungua 2.3 kati ya 4.0. Kwa watoto waliohama katikati ya sekondari, karatasi zilizopotea ndizo zinazoleta usumbufu.

15 Juni usiku wa manane wenzangu walikuwa wanapigiwa simu. Yangu haikulia, na mpaka leo hailii. Niache? (Mchezaji wa miaka 16, Minnesota)

Usiache, binti yangu, na usiku ule usiubebe peke yako. Mwambie mama ulivyoumia.

Simu za usiku ule huenda kwa wachache, wale ambao makocha wamewafuata kwa miaka. Usajili unaendelea hadi darasa la kumi na mbili. Makipa hasa husajiliwa kwa kuchelewa, na mchezaji mmoja akihama chuo, nafasi inafunguka mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Mbali na Divisheni ya Kwanza, Divisheni ya Tatu ina timu za wanawake zaidi ya 60, nyingine katika vyuo bora kimasomo kuliko baadhi ya hivyo vilivyopiga simu usiku ule.

Wiki hii chagua vyuo kumi: vitatu vya ndoto, vitano vya kiwango chako kama kocha wako anavyokiona kwa ukweli, viwili ambavyo ungesoma hata bila hoki. Muulize kocha wako swali hilo la kiwango ana kwa ana, na mwombe asikufiche. Kisha kiandikie kila chuo barua pepe yake, si moja ya kunakili: jina lako, mwaka utakaomaliza shule, nafasi unayocheza, klabu, alama zako, video ya dakika tatu, na ratiba ya mechi zako za wiki sita zijazo pamoja na namba ya jezi. Sema kwa sentensi mbili kwa nini chuo hicho. Baada ya wiki mbili wasipojibu, andika tena. Tarehe imeshapita, kwa hiyo kocha sasa ana ruhusa ya kukujibu.